Namna ya Kuipima Sheria Inayomhusu Mwendesha Baiskeli Aliyesababisha Kifo, na Kuandika Pendekezo Lako

Baiskeli inapomgonga mtembea kwa miguu na kumuua, ndugu wa marehemu hushangaa kuambiwa kwamba hakuna shtaka linalolingana na msiba wao, na wananchi wenye hasira hudai sheria kali itungwe mara moja. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kufanya jambo la manufaa kati ya mshangao huo na hasira hiyo: mwanafunzi wa sheria, mwanachama wa asasi ya usalama barabarani, ndugu wa marehemu, au mwananchi aliyealikwa kutoa maoni kuhusu muswada. Nimeegemea zaidi Uingereza, kwa sababu mjadala huu umepamba moto huko tangu mwaka 2017, na kwa sababu sheria za jinai za Kenya na Tanzania zimechipuka kwa sehemu kubwa kutoka shina hilo hilo. Kasoro iliyoonekana London imo pia katika vitabu vya sheria vya Nairobi na Dodoma.

Anza kwa kupanga vifungu vilivyopo

Kabla ya kupendekeza neno lolote jipya, andika kila kifungu kinachoweza kutumika leo, na mbele ya kila kimoja andika adhabu yake ya juu kabisa. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayoonyesha mahali penye pengo, na maoni yasiyoonyesha pengo huwekwa kando na wataalamu wa kuandika sheria hata yakiwa yameandikwa kwa uchungu wa kweli.

Kwa upande wa Uingereza orodha ya zamani ni fupi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Barabara ya mwaka 1988 kinakataza kuendesha baiskeli kwa hatari, na adhabu yake ya juu ni faini ya pauni 2,500. Kifungu cha 29 kinakataza kuendesha baiskeli bila uangalifu, na faini yake haizidi pauni 1,000. Vifungu hivyo havibadiliki hata mtu akifa. Juu yake kipo kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa Dhidi ya Mtu ya mwaka 1861, kilichotungwa zama za magari ya kukokotwa na farasi, ambacho kinamwadhibu mtu anayeendesha kwa fujo na kumjeruhi mwingine. Kifungo chake hakizidi miaka 2. Baada ya hapo unakutana na kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Katikati ya miaka 2 na maisha hapakuwa na kitu.

Mwenye gari hakuachiwa nafasi kubwa namna hiyo. Kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari kulikuwa na adhabu ya juu ya miaka 14, ikapandishwa kuwa kifungo cha maisha kuanzia Juni 2022, na kusababisha kifo kwa kuendesha bila uangalifu kuna kifungo kisichozidi miaka 5.

Pengo hilo lilionekana wazi kwa kesi moja. Februari 2016, katika eneo la Old Street mashariki mwa London, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akiendesha baiskeli isiyokuwa na breki ya mbele alimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka barabara, na mwanamke huyo akafariki siku chache baadaye kwa majeraha ya kichwa. Kesi iliposikilizwa mwaka 2017, baraza la wazee wa mahakama halikumtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, bali lilimtia hatiani kwa kifungu cha mwaka 1861, naye akahukumiwa kuzuiliwa miezi 18 katika taasisi ya wahalifu vijana. Wengi waliona adhabu hiyo kuwa ndogo, lakini ukiipima kwa kifungu chenyewe utaona kwamba hakimu alitumia robo tatu ya kiwango cha juu alichoruhusiwa.

Sasa fanya zoezi hilo hilo kwa nchi yako. Kenya ina kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, kinachotoa hadi miaka 10 kwa anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kizembe au kwa hatari. Kifungu hicho kinataja chombo chenye injini, hivyo mwenye baiskeli hayumo. Kwa mwenye baiskeli utarudi kwenye kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomgusa anayeendesha chombo au kipando katika njia ya umma kwa uzembe unaohatarisha maisha, na kwa kuwa ni kosa dogo, adhabu yake ya jumla haizidi miaka 2. Ukipanda juu zaidi unafika kwenye vifungu vya 202 na 205, yaani kuua bila kukusudia, ambako adhabu ya juu ni maisha. Tanzania ina kifungu cha 233 chenye maneno yanayofanana sana na hayo, na vifungu vya 195 na 198 kwa kuua bila kukusudia. Pengo la miaka 2 hadi maisha lilisafiri pamoja na sheria za kikoloni na limekaa hapo hadi leo, katika nchi ambazo baiskeli ni chombo cha kazi kwa watu wengi mno.

Uliza aliendeshaje, kabla ya kuuliza nani amekufa

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, nami naiona kuwa ndiyo inayotenganisha sheria ya haki na sheria ya kisasi. Kifo ni jambo kubwa kiasi kwamba kikitangulia katika maandishi yako, kila kitu alichofanya mwendeshaji kitaonekana kuwa ukatili. Kwa hiyo andika kwanza maelezo ya uendeshaji wenyewe kana kwamba hakuna aliyeumia, kisha uulize: je, uendeshaji huu ungekuwa kosa hata kama mtembea kwa miguu angeruka pembeni akanusurika? Jibu likiwa ndiyo, una msingi wa kosa la kusababisha kifo. Likiwa hapana, unachotaka kuadhibu ni bahati mbaya.

Kipimo kinachofaa tayari kipo. Sheria ya mwaka 1988 inasema kuendesha baiskeli kunakuwa kwa hatari pale kunapokuwa chini mno ya kiwango kinachotarajiwa kwa mwendesha baiskeli stadi na mwangalifu, na pale ambapo mtu wa namna hiyo angeona wazi kwamba kuendesha hivyo ni hatari. Sehemu zote mbili lazima zitimie. Zingatia kwamba mtu wa mfano hapa ni mwendesha baiskeli, na si dereva, kwa sababu mambo ambayo mmoja anapaswa kuyajua na kuyaona mapema hayafanani na ya mwingine. Mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni wa kawaida kwa gari mjini, lakini kwa baiskeli katikati ya umati wa sokoni ni balaa.

Jaribu kipimo hicho kwa breki. Katika baiskeli ya mashindano ya uwanjani, pedali zimefungwa moja kwa moja na gurudumu la nyuma, hivyo mwendeshaji hupunguza mwendo kwa kuzikaza pedali kwa miguu. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 zinakubali mfumo huo uhesabike kama breki ya nyuma, lakini zinadai breki ya mbele iwepo. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufunga breki ghafla: uzito wa mwili husogea mbele, gurudumu la nyuma hupoteza mshiko na kuteleza, na kazi kubwa ya kusimamisha hubaki kwa gurudumu la mbele. Anayeingia barabarani bila breki hiyo ameshachagua, tangu alipotoka nyumbani, kwamba hataweza kusimama pale mtu mwingine angesimama. Huo ni uamuzi, na unastahili kuitwa hatari hata siku ambayo hakuna aliyegongwa.

Kijaribu pia kwa hali yetu. Mfikirie mtu anayeteremka mlima na magunia matatu ya mkaa yaliyofungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli. Mpira wa breki umeisha hadi chuma kinasugua rimu, naye amezoea kupunguza mwendo kwa kukandamiza ndala yake kwenye tairi. Chini ya mteremko kuna watoto wanaotoka shule. Mwendesha baiskeli stadi na mwangalifu angeshuka akaikokota. Umaskini wake ni kweli, na mahakama inapaswa kuuzingatia inapopanga adhabu, lakini haubadilishi ukweli kwamba alijua breki hazishiki. Kwa upande mwingine, mtu ambaye waya wa breki umekatika ghafla akiwa tayari anateremka, baada ya kuikagua baiskeli asubuhi, hajafanya lolote lililo chini mno ya kiwango, hata kama matokeo ni yale yale ya kusikitisha.

Kutokana na mifano hii, hakikisha pendekezo lako linataja hali ya chombo na uzito wa mzigo. Kwa magari, sheria ya Uingereza inataja waziwazi kwamba kuendesha gari ambalo hali yake ni ya hatari ni kuendesha kwa hatari. Kifungu cha baiskeli kikisahau jambo hili, wakili wa utetezi atasema kwamba mteja wake alikuwa akienda taratibu na upande wake, na atakuwa amesema kweli.

Thibitisha kwamba kosa ndilo lililoua

Baada ya uendeshaji, tazama uhusiano kati ya kosa na kifo. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa mwongozo mzuri mwaka 2013, katika kesi ya dereva ambaye hakuwa na leseni wala bima lakini alikuwa akiendesha bila dosari, akagongwa na mtu aliyekuwa ametumia heroini na aliyefariki kwa ajali hiyo. Mahakama ilisema haitoshi kwamba mshtakiwa alikuwepo barabarani kinyume cha sheria. Lazima kuwe na kitu katika uendeshaji wake, hata kidogo, kinachoweza kulaumiwa na kilichochangia kifo. Kwa baiskeli, swali linakuwa hivi: je, breki ya mbele ingekuwepo, angesimama kwa wakati, au mtembea kwa miguu alijitokeza karibu sana kiasi kwamba hata breki bora isingesaidia? Kukosa kengele au taa mchana kweupe ni kosa, lakini mara nyingi silo lililoua.

Swali hili halijibiwi kwa maneno matupu, na ndiyo maana pendekezo lako linapaswa kudai uchunguzi. Baiskeli ichukuliwe siku hiyo hiyo na ikaguliwe na mkaguzi anayekagua magari ya ajali, mchoro wa eneo upimwe kwa futi kamba, picha za kamera za maduka jirani ziombwe kabla hazijafutwa. Baiskeli iliyoachwa wiki mbili nje ya kituo cha polisi, ikinyeshewa, huku waya zake zikifunguliwa mmoja mmoja na wapita njia, haiwezi kumwambia hakimu chochote. Pasipo uchunguzi wa namna hii, adhabu kali itabaki maandishi tu.

Amua ni nani atakayehusika

Hapa watunga sheria wamegawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ni kutunga kosa mahususi la waendesha baiskeli. Mei 2024 mbunge Iain Duncan Smith alipendekeza kosa la namna hiyo, lenye adhabu ya juu ya miaka 14, liingizwe katika Muswada wa Haki ya Jinai. Serikali ya wakati huo ilikubaliana naye, lakini muswada ulikufa uchaguzi mkuu ulipoitishwa. Aprili 2025 serikali iliyofuata ilitangaza kuingiza katika Muswada wa Uhalifu na Polisi makosa yanayofanana na ya madereva: hadi kifungo cha maisha kwa anayesababisha kifo kwa kuendesha baiskeli kwa hatari, na hadi miaka 5 kwa anayesababisha kifo kwa kukosa uangalifu.

Njia ya pili ni ya Uholanzi, nchi ambayo karibu kila mtu anapanda baiskeli. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Barabara ya mwaka 1994 hakimtaji dereva wala mwendesha baiskeli. Kinamkataza mtu yeyote anayeshiriki katika matumizi ya barabara kuwa na mwenendo wa kulaumika unaosababisha ajali ya kuua au kujeruhi vibaya. Adhabu ya msingi kwa kifo ni hadi miaka 3, na uzembe uliokithiri hupandisha kiwango hicho hadi 6. Ujerumani nayo humhukumu mwenye baiskeli kwa kifungu cha 222 cha Kanuni yake ya Adhabu, kinachohusu kila kifo kilichosababishwa na uzembe, awe daktari, fundi au mpanda baiskeli. Ni hadi miaka 5 au faini.

Naipendelea njia ya pili, na ningekushauri uifuate ikiwa nchi yako inaanza upya. Kosa moja linalomgusa kila mtumiaji wa barabara haliwezi kupitwa na wakati chombo kipya kinapoingia, iwe baiskeli ya umeme au skuta, na halimfanyi mpanda baiskeli kuwa adui wa taifa. Faida nyingine ilionekana Huntingdon, Uingereza, ambako mtembea kwa miguu aliyemfokea na kumpungia mkono mwendesha baiskeli mzee mwaka 2020, mzee huyo akaangukia barabarani na kugongwa na gari akafa, alihukumiwa miaka 3 kwa kuua bila kukusudia, kisha Mahakama ya Rufaa ikaifuta hatia hiyo mwaka 2024 kwa sababu kosa la msingi, yaani kitendo cha jinai kilichodaiwa kuleta kifo hicho, halikuwa limebainishwa. Pasipo kosa la kati, waendesha mashtaka hulazimika kunyanyua nyundo kubwa kuliko inayohitajika, na mara nyingine hukosa shabaha.

Pima adhabu kwa kiasi

Ukweli mmoja lazima uwemo katika maoni yako, hata kama unaandika kwa niaba ya familia iliyofiwa. Nchini Uingereza watembea kwa miguu takriban 400 hufa barabarani kila mwaka, na wanaouawa kwa kugongwa na baiskeli ni wachache sana miongoni mwao. Baiskeli na mpanda wake kwa kawaida hawafiki kilo 100, wakati gari dogo huzidi tani moja. Hilo halipunguzi uzito wa kifo kwa familia, wala haki ya familia hiyo kupata jibu mahakamani. Linachofanya ni kutukumbusha kwamba sheria hii itatumika mara chache, na kwamba haipaswi kuandikwa kwa namna ya kuwatisha watu waache baiskeli na kurudi kwenye vyombo vinavyoua zaidi.

Kwa uendeshaji wa hatari, sioni sababu ya kosa la mwenye baiskeli kuwa la daraja tofauti na la dereva, kwa sababu aliyejua hatari na kuendelea amefanya uchaguzi ule ule. Kiwango cha juu kinaweza kuwa chini kidogo, na miaka 10 ya Kenya kwa madereva ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa kukosa uangalifu nina wasiwasi zaidi. Kugeuza shingo kwa sekunde moja ni udhaifu ambao sote tunao, na matokeo yake hutegemea ni nani aliyekuwa mbele wakati huo. Kifungu cha aina hiyo kikiwepo, kitaje waziwazi faini na huduma kwa jamii kabla ya kutaja kifungo.

Usisahau mwendo kasi. Viwango vya kawaida vya mwendo nchini Uingereza vimewekwa kwa vyombo vyenye injini. Mwaka 2022 bibi mmoja aligongwa katika bustani ya Regent's Park, London, na mwendesha baiskeli aliyekuwa na kundi la mazoezi, akafariki baadaye, na polisi wakaona hawana msingi wa kutosha kufungua mashtaka, ingawa mwendo ulikuwa juu ya kikomo kilichowekewa magari. Dai kwamba mahakama iruhusiwe kutumia kikomo hicho kama kielelezo cha uangalifu, hata kama hakimfungi mpanda baiskeli moja kwa moja.

Kuhusu fidia, bima ya lazima ya Kenya, Tanzania na Uingereza inahusu vyombo vyenye injini. Familia itabaki na kesi ya madai dhidi ya mtu ambaye huenda hana kitu. Pendekeza mfuko wa wahanga wa ajali uwafikie na hawa.

Andika kifungu chenyewe

Maoni yanayobeba kifungu kilichoandikwa tayari husomwa kwa makini zaidi. Unaweza kuanza na maneno kama haya na kuyarekebisha:

"Mtu yeyote ambaye, katika barabara au mahali pa umma, anaendesha chombo chochote, kiwe na injini au kisiwe nayo, kwa namna iliyo chini mno ya kiwango kinachotarajiwa kwa mwendeshaji stadi na mwangalifu wa chombo cha aina hiyo, na ambayo mwendeshaji wa namna hiyo angeona wazi kuwa ni ya hatari, ikiwa ni pamoja na hatari itokanayo na hali ya chombo au mzigo wake, na kwa uendeshaji huo akasababisha kifo cha mtu mwingine, atakuwa ametenda kosa."

Baada ya hapo ongeza aya inayoiruhusu mahakama, ikishindwa kuridhika kwamba uendeshaji ndio ulioua, kumtia mshtakiwa hatiani kwa kosa dogo la kuendesha kwa hatari bila kuanzisha kesi mpya. Kisha weka tarehe ya kuanza kutumika, na uieleze kwa upole familia unayoiandikia: Ibara ya 50(2)(n) ya Katiba ya Kenya na Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba ya Tanzania zinazuia mtu kutiwa hatiani kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa siku alipokitenda, kwa hiyo kesi ya ndugu yao itaamuliwa kwa vifungu vya zamani, na kifungu kipya kitawahusu watakaofuata.